Waya wa Betri na Jina la Zakayo

Mzee wangu Koech,

Tangu Mungu akuite, gereji yako hapa Roret bado ninaifungua kwa maombi, vile ulitaka. Lakini moyo wangu umechafuka, na sina mwingine wa kumwambia.

Ni ile pikapu ya kanisa. Taa nyekundu ya betri ilikataa kuzima. Niliweka altaneta mbili za kuchaji betri, moja baada ya nyingine, zote kutoka duka la Zakayo kule Kapsoit, kila moja ikafa siku ile ile niliyoiweka. Nikaanza kumshuku. Rangi mpya, nati zenye kutu: nikajua ananiuzia kuukuu zilizopakwa rangi. Jumapili alipotoa sadaka niliutazama mkono wake, nikajiuliza unaficha nini. Mwishowe nikasema mbele ya wazee wa kanisa, "Zakayo ni mwizi."

Aliinama tu. "Ndugu, kwangu zilikuwa zinachaji. Wewe ulizifanya nini?"

Hata hilo nikaona ni ujanja. Sasa watu wanapita duka lake kama hawalioni.

Jana niliweka ya tatu, nayo ya Zakayo. Niliazima mita ya kupima umeme, nipate ushahidi wa kumfunga mdomo. Injini ikinguruma, mita ikasoma volti kumi na nne. Nzima! Nikashuku mita. Basi nikafanya lile jaribio lako: "Chomoa waya wa betri injini ikinguruma. Gari ikizima, altaneta imekufa." Nikachomoa. Injini ikaguna, ikazima. Nikarudisha waya, nikawasha, nikapima tena. Kumi na mbili, na inashuka. Taa nyekundu, hiyo hapo.

Nilikaa chini kwenye tairi, Mzee.

Zile mbili za kwanza pia nilizijaribu hivyo hivyo. Ni mkono wangu. Zile gari zetu za zamani zilivumilia. Hizi za sasa, ukiondoa betri ghafla, umeme unaruka juu, unaunguza altaneta kwa ndani. Wewe ulijua? Ninaogopa kuhesabu ni wangapi tuliwaita wezi, mimi na wewe, tukicheka juu ya chai.

Jumapili nitasimama palepale niliposema lile neno, niseme kwamba aliyeiba ni mimi, nimeiba jina la mtu. Zakayo asiponipa mkono, nitakubali. Na waya huo sitauchomoa tena injini ikinguruma, hata kama ni wewe ulinifundisha.

Nimekusamehe. Nawe nisamehe kwa kukushuku kaburini.

Saisere, kwaheri Mzee. Pumzika kwa Bwana.

Wako,
Yohana