Mikao Minne na Kapo

Jumatatu, 3 Machi

Nimepatikana. Miaka ishirini nawaambia wateja, binti yangu akisikiliza kwenye benchi la kibanda changu cha kinyozi, kwamba ujanani nilipiga gitaa kwenye bendi. Ukweli: nilibeba spika. Leo kapiga simu. Harusi yake ni tarehe 29, ataniimbia wimbo wa shukrani mbele ya watu, na gitaa nipige mimi. Nikajibu: bila shaka. Mdomo uliponza kichwa!

Jumatano, 5 Machi

Nimemfuata mwalimu wa kwaya, mteja wangu, nikatubu. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniazima gitaa lake kuukuu na kidude cha kubana — kapo. Unakibana kwenye shingo ya gitaa, sauti inapanda, vidole vinaendelea na mikao ileile. Mikao minne inatosha wimbo mzima, anasema. Aliyebuni hiki alinifikiria! Kukaza nyuzi ni kazi yake mwalimu. Mimi nimekatazwa hata kuzigusa.

Jumapili, 9 Machi

Vidole vinawaka. Jana nimenyoa mtu mzima kwa vidole vitatu. Mke wangu anasema napiga kama mtu anayehamisha masufuria. Yeye aliolewa na mbeba spika, anajua, na miaka yote kanisitiri. Sasa anataka nimwambie mtoto mapema. Nimesema nitaona.

Ijumaa, 14 Machi

Binti kajirekodi akiimba wimbo wake, katuma kwenye simu. Mwalimu kasikiliza, kaibana kapo kwenye chuma cha tatu kati ya vile vinavyokata shingo ya gitaa, na — tumeenda sawa! Nimerudia mara tisa hapo kinyozini. Mteja akaomba kwa upole nipumzike kidogo, amalizwe upande wa pili wa kichwa.

Jumanne, 18 Machi

Fundi viatu wa jirani kauliza bendi yetu ilivunjikaje. Nikamjibu: wivu. Hata sikupepesa macho.

Jumapili, 23 Machi

Binti yuko sebuleni. Mimi nimejificha chumbani, eti natafuta uzi wa akiba. Sina uzi wa akiba.

Alikuja asubuhi tufanye mazoezi. Tukaanza chuma cha tatu. Juu mno, akasema. Kwenye simu alikuwa anajikamua. Nikashusha kapo hadi cha pili. Cha kwanza. Nikaitoa kabisa. Mpaka hapo nilikuwa bingwa, mama yake shahidi.

"Shusha tena kidogo tu, baba."

Nishushe wapi? Kapo inapandisha tu. Kwenda chini ya hapo ni kulegeza nyuzi, kazi ya wanaojua gitaa, na anayejua yuko kwake anakula chakula cha mchana. Nikajikohoza, nikamwambia kitaalamu kwamba wimbo huu hauimbwi chini ya hapo. Akaniamini! Akaimba, mishipa imemtoka shingoni, sauti ikakatika katikati ya neno. Akajaribu tena. Ikakatika palepale.

Kisha akaniomba radhi. Yeye.

"Nisamehe, baba. Wewe umepiga na watu wakubwa, mimi ndiye nakuangusha. Basi tuache wimbo. Nitasoma tu maneno kwenye karatasi."

Mama yake akaacha kufuta meza, akanitazama. Mwanamke huyu akinitazama hivyo ni afadhali angenitukana.

Nilidhani nikikubali kuacha wimbo nitakuwa nimeokoka: hakuna gitaa, hakuna aibu, heshima yangu imebaki. Nikaja huku kushangilia. Nashangilia vibaya.

Maana namsikia anaimba peke yake, chini, pale panapomfaa. Jamani, sauti! Haikatiki hata mara moja. Mtoto ana sauti nzuri hivi, nami nimemfanya aamini hajui kuimba, ili mimi niendelee kuwa mwanamuziki. Naona haya mbele ya kabati.

Nimemwita nimwambie ukweli. Kaacha kuimba. Ndala zake hizo, zinakuja huku, na sentensi ya kwanza sijai—