Babu, Kahawa Ina Majina Mengi

Babu yangu wa Nkoaranga,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila salamu.

Unakumbuka wageni wa kwanza waliokuja kuona shamba lako la kahawa? Bibi aliwapikia sufuria nzima ya chai ya maziwa, maana kwetu mgeni wa heshima hapewi kitu kingine. Walikunywa kwa adabu huku wakitazamana. Ulipogundua kwamba wametoka mbali kutafuta kahawa, ulicheka mpaka ukaegemea mgomba. Miaka yote tulivuna kahawa na kunywa chai! Baada ya siku ile ukajifunza kuikaanga na kuitwanga, na mimi nikawa wa kupepeta nyuma yako.

Ndipo uliponieleza kwamba jina kahawa limetoka kwa Waarabu, kwenye qahwa yao, na kwamba wengine husema hapo zamani neno hilo lilikuwa jina la mvinyo. Bibi akadakia, "Mnaona sasa kwa nini mimi nakunywa chai?"

Ulipotuacha wageni walipungua. Shangazi alisema asipopatikana mtu wa kuwaeleza, atang'oa kahawa yote apande parachichi. Akanitazama mimi, kwa kuwa nimemaliza kidato cha nne na Kiingereza nakijua. Babu, unanijua. Kanisani nikipangiwa kusoma somo, tangu Ijumaa nilikuwa natafuta mtu wa kunisomea.

Jumamosi iliyopita walikuja Mjerumani mmoja, dada wa Kituruki na mama wa Kiethiopia, wote wanafanya kazi mjini Arusha. Nikafungua mdomo, sauti ikagoma. Nilichoweza ni kuwauliza wao: kwenu hii mnaiitaje?

Mjerumani akasema Kaffee. Dada akasema kahve, tena akamwambia Mjerumani kwamba hata hilo lao lilipita Uturuki kwanza. Wakabishana kwa vicheko, nami nikapumua. Yule mama alikuwa ameshika tawi. Akasema kwao ni buna. Nikamwambia kwetu mti huu ni mbuni, na punje zake ni buni. Akaniomba nirudie. Nikarudia, safari hii wote wakanisikia.

Mjerumani akanitania: jina la Waarabu, mti wa Waethiopia, sasa chenu hapa ni kipi?

"Vyote vilikuja kama wageni," nikamjibu. "Lakini kahawa hii aliipanda babu yangu."

Yule mama alinishika mkono, hakuuachia mpaka tulipomaliza kuzunguka shamba.

Shangazi alikuwa anasikiliza kutoka jikoni. Walipoondoka hakunisifu, unamjua. Alichukua simu akampigia muuza miche ya parachichi, akamwambia asilete.

Babu, nakukumbuka sana, ila siku hizi nikikukumbuka natabasamu. Lala salama. Mimi naenda kuwasha moto, wageni wengine wanapanda mlima kuja shambani.

Mjukuu wako