Ndiyo Yangu ni ya Nani

Jumatatu, 4 Machi

Wifi kaja karakana leo. Mke wa kaka yangu! Miaka tisa hajakanyaga hapa. Nilikuwa nakata vioo vya madirisha ya shule, vipande arobaini, nimefika cha kumi na saba. Akasimama mlangoni, mkoba kaukumbatia kifuani. Nikajua hajaja kusalimia.

Figo za Kaka zimekwisha. Zote mbili. Mara tatu kwa wiki analazwa kwenye mashine ya kusafisha damu, muda wa saa nne kila mara. Daktari kasema tumaini ni figo ya ndugu. Mama ana sukari, hafai. Na tumezaliwa wawili tu. Hapo hakuna cha kupigia ramli.

"Amekutuma?" nikamuuliza.

La! Hata hajui kama mkewe amekuja. Kaka kamkataza asimwombe mtu yeyote. Eti Bwana akitaka aishi, basi ameshamteua wa kumpa. Asipotaka, kuomba ni kuhangaika bure.

Ndiye yeye huyo. Hata figo ina wateule!

Nikamwambia wifi nitafikiri. Hakunisihi. Kioo cha kumi na nane kilikatika upogo.

Jumatano, 6 Machi

Mama kapiga simu. Figo hakuitaja. Kauliza mvua, kauliza mgongo wa mume wangu, akauliza mvua tena. Halafu: "Mwanangu, mimi nina macho mawili. Nisiulizwe nalitaka lipi." Akakata.

Niliandike basi, maana sijawahi kuliandika popote.

Mwanangu aliishi siku nne. Kaka ndiye mchungaji, ndiye aliyeongoza mazishi. Akasema Mungu aliziandika siku zake zote nne kabla dunia haijawekewa misingi. Hilo nililimeza. Lakini watu walipoanza kuondoka nilimshika mkono nikamuuliza neno moja tu: mwanangu yuko wapi? Kaka yangu huyu, aliyekuwa akinibeba mgongoni kuvuka madimbwi tukienda shule, akatazama viatu vyake. Akasema, "Hiyo ni siri ya Mungu. Anawajua walio wake."

Basi. Udongo ulikuwa bado kwenye kucha zangu.

Sijaingia kanisani kwake tangu siku hiyo, wala nyumbani kwake. Mama akiugua tunapeana zamu, tunapishana mlangoni kama walinzi.

Jumapili, 10 Machi

Kanisani kwetu mhubiri kasema tena lile neno lake: Mungu hamburuti mtu kwa nywele kumwingiza mbinguni. Kila mtu ana hiari yake. Nililihamia kanisa hili kwa ajili ya neno hilo. Leo limenielemea mabegani.

Baada ya ibada nikamvuta pembeni, nikamweleza habari ya Kaka. Akafurahi karibu apige makofi. Mungu amekuachia wewe, dada! Anangoja uamuzi wako!

"Na nikikataa, akafa?"

Akakohoa. Akatazama viti vinavyopangwa. Hapo, akasema, hapo… tutakuombea.

Kwa hiyo iko hivi. Kwa Kaka mimi simo kabisa, ni bomba tu la kupitishia maji. Kwetu huku nimo peke yangu, na roho ya mtu mikononi. Sijui lipi afadhali.

Mume wangu, jioni, akivua viatu: "Mwili ni wako. Sikusukumi, sikushiki. Ila naogopa, na hilo sikufichi." Kisha akaenda kuchemsha chai, yeye ambaye hajui hata sukari inakaa wapi.

Alhamisi, 14 Machi

Nimepima. Kujua tu! Sikumwambia mtu. Nilimwambia mume wangu nakwenda kununua gundi.

Vichupa kumi na moja vya damu. Mkojo. Picha ya tumbo, ile jeli baridi. Baada ya hapo kuna mama mmoja wa makamo, mshauri wa hospitali, kazi yake ni kukaa na wanaotaka kutoa. Kafunga mlango, kazima simu. Akauliza kama nimelazimishwa. Nimeahidiwa kitu? Nimetishwa? Kuna mtu nyumbani atakayeninunia nikikataa?

Nikasema wa kuninunia tumeshanuniana miaka tisa.

Hakucheka. Akaandika. Akauliza, basi ni nani anayekusukuma? Nikataka kusema hakuna. Nikasema, "Sijui kama ni mtu."

Hilo pia kaliandika.

Ijumaa, 22 Machi

Zinaoana. Damu na vingine vyote walivyopima. Daktari anasema mara chache huwa hivi hata kwa ndugu.

Gundi sikununua.

Jumanne, 9 Aprili

Leo nilikwenda kumwona Kaka. Nilijiambia nitaingia, nitasema figo nampa, nitatoka.

Chumba cha mashine kina vitanda sita na televisheni isiyo na sauti. Nilimpita! Nilimpita kaka yangu kitandani nisimtambue. Kakonda, uso rangi ya majivu, mkono umevimba pale sindano zinapoingia. Mirija miwili, damu inatoka, damu inarudi. Nikavuta kiti.

Akafumbua macho. Akatabasamu. Akasema, "Nilijua utakuja."

Neno hilo moja tu! Lingine lolote lisingeniudhi. Angesema asante, angesema umenenepa.

"Ulijuaje?"

"Nilimwomba Bwana. Nikapata amani kwamba ameshakupanga."

"Amenipanga? Kama viti?"

"Mdogo wangu…"

"Wiki tano sili chakula kikashuka, Kaka. Nimechomwa sindano, nimemdanganya mume wangu, nimegombana na Mungu barabarani watu wakanigeukia. Nani alifanya hayo? Si mimi? Au na hayo kanifanyia yeye?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili akajifunika gazeti. Kaka akasema taratibu, pumzi haitoshi, kwamba hata kugombana kwangu Mungu alikujua. Nikainuka. Nikamwambia basi amngoje huyohuyo aliyepanga alete na figo.

Nimetoka bila kuaga. Kwenye ngazi nikakaa. Nimekuja kutoa na nimeondoka nayo. Nina hasira ya mtu aliyenyang'anywa zawadi kabla hajaitoa.

Jumatano, 10 Aprili

Nimeweka kioo kimoja tu. Kimevuja mvua kingoni.

Jumamosi, 20 Aprili

Kaka alikuja karakana.

Niandike yote kabla sijaanza kuyapamba.

Wifi alimleta, akabaki nje. Alipanda ngazi tatu za mlangoni kwa mapumziko mawili. Nikampangusia sanduku la mbao, akakaa, akaangalia vioo vilivyoegemezwa ukutani. Mimi nikaendelea kupiga msasa kingo ambazo hazikuhitaji msasa.

"Sikuja kwa ajili ya figo," akasema. "Kama umepima, nenda kamwambie daktari uondolewe. Hospitali hutuambia sisi wagonjwa kwamba mtu hafai, basi. Haisemi kwamba alikataa. Mimi sitajua, Mama hatajua. Nimeuliza."

Nikaacha msasa.

"Nimekuja kwa ajili ya mtoto."

Miaka tisa hakuna aliyesema "mtoto" mbele yangu. Watu husema "yale mambo".

Akasema siku ile makaburini alikuwa na jibu la darasani, hakuwa na jibu la kaka. Aliogopa kusema zaidi ya alichofundishwa. Aliogopa wazee wa kanisa waliosimama nyuma yake. "Niliona aibu ya kutojua. Nikaificha nyuma ya jina la Mungu."

"Basi sema sasa," nikamwambia. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine. "Yuko wapi?"

Hakutazama viatu.

"Yuko kwa Bwana. Siwezi kukuonyesha mstari ukakutosha, lakini naamini hivyo. Nyinyi kanisani kwenu mnasema mtu lazima achague. Mwanao angechagua kwa kinywa gani? Hakujua hata jina lake. Mimi ninayehubiri kwamba Mungu ndiye huanza, humshika mtu kabla mtu hajamshika, mimi ndiye niliyepaswa kukwambia siku ile kwamba huyu alishikwa. Neno hilo nilikuwa nalo mkononi, nikakunyima. Nisamehe."

Nilitaka kumrukia. Kumpiga au kumkumbatia, sijui. Nililia kilio cha ovyo, cha kamasi, nikajifuta kwa kitambaa cha kufutia vioo, chenye chenga zake, nikajikwaruza shavu. Kaka akasema, "Bado mzembe na vitambaa." Tukacheka, naye akakohoa mpaka wifi akaingia mbio.

Wameondoka saa tano na nusu.

Nimemsamehe? Sijui. Nimehisi kitu kimelegea, kama kioo kinapokubali kuingia kwenye fremu. Lakini nimebaki na swali lingine. Nikitoa sasa, si nitakuwa nimemlipa kwa kuomba radhi? Nisipotoa, hatajua kamwe, kafunga milango yote ya kunilaumu. Kaniachia huru kabisa. Yeye! Asiyeamini uhuru!

Jumatatu, 22 Aprili

Nilimwambia mume wangu ukweli wote. Gundi na yote. Akauliza watakata upande gani. Nikamwonyesha. Akaweka kiganja hapo.

Nimempigia daktari. Nimesema ndiyo.

Nilitega sikio moyoni nisikie nani kasema. Ilikuwa sauti yangu. Lakini pia haikuwa mpya — kana kwamba "ndiyo" hiyo ilikuwapo muda mrefu, mimi ndiye niliyechelewa kufika.

Jumatatu, 6 Mei

Nimelazwa. Gauni la hospitali lisilofungika nyuma. Heshima yote imebaki kabatini.

Yule mshauri kaja na fomu. Kasoma kwa sauti: kwa hiari yangu mwenyewe, bila kushurutishwa. Akasema naweza kubadili nia mpaka dakika ya dawa ya usingizi, hakuna atakayeniuliza sababu. Nikamuuliza yeye anaamini kuna hiari kweli? Akasema miaka kumi na minne anasikiliza watu wakitoa, na walio huru zaidi ndio husema hawakuweza kufanya vingine.

Nimetia sahihi.

Jumanne, 7 Mei

Saa moja asubuhi. Nimeshaoga ile sabuni yao kali. Mama yuko nje kwenye benchi, katikati ya milango yetu miwili, wangu na wa Kaka.

Kaka kaletwa kwa kiti cha magurudumu kuniona. Akasema tangu alfajiri anajaribu kutoa shukrani. Akianza kunishukuru mimi anamkuta Mungu, akianza kumshukuru Mungu ananikuta mimi. "Nimeshindwa kuwatenganisha. Miaka ishirini na mbili ya mimbari!" Nikamwambia asijichoshe, atushukuru wote, hatutagombania. Mkono wake ulikuwa moto. Nilidhani ni furaha.

Saa mbili na robo. Homa. Daktari kaja mwenyewe, si muuguzi. Joto la Kaka limepanda. Wamechukua damu. Kama ni maambukizi hawawezi kumpasua, dawa za kuzuia mwili usiikatae figo zitamuua. Watapima tena saa nne. Likishuka, tunaendelea. Lisiposhuka — akasema "tutaona", kwa namna wanavyosema wao. Nikauliza, tutaona lini? Moyo wake nao umechoka, akasema. Huenda asipate nafasi nyingine.

Saa tatu kasoro. Wiki tisa nilikuwa na uwezo wa kukataa, watu wote wakanisogezea mlango wazi wa kukataa, hata yeye. Sasa nataka. Nataka kuliko nilivyowahi kutaka kitu tangu zile siku nne. Na kutaka kwangu hakutoshi.

Nimeshuka kitandani na gauni hili la aibu, nimepiga magoti kwenye sakafu baridi. Sikuomba ya kanisani kwetu wala ya kanisani kwa Kaka. Nimesema: Bwana, chukua. Nimeshasema ndiyo. Nakuomba na wewe useme.

Saa nne na dakika sita. Mama kasimama. Mlango wa Kaka umefunguliwa, muuguzi katoka na karatasi, anaisoma huku anatembea. Haangalii kwa Mama. Anakuja huku —