Mikate ya Mtakatifu Zita

Alhamisi, 25 Aprili 2024
Nimekasirika! Jumapili Padre alisema wazi: sikukuu ya somo wa jumuiya yetu, Mtakatifu Zita, mikate ipelekwe altareni na hausigeli. Kwa sababu Zita mwenyewe alikuwa hausigeli! Jumuiya ikanichagua mimi, wakapiga makofi. Leo Mama Gertrude — bosi wangu, na ndiye mwenyekiti — anasema Wendy ndiye atakayeibeba. Binti yake. Wendy, ambaye hata kikombe chake haoshi! Mimi nibaki na pilau ya wageni.

Ijumaa, 26 Aprili
Nimekanda unga tangu asubuhi. Joto la Voi, na oveni juu yake. Nikamuuliza Mama, kwa upole, kama naweza kwenda misa tu halafu nirudi. Akasema Zita alipigwa na hakunung'unika, nijifunze hapo. Eti! Na pale alipowagawia maskini chakula cha tajiri wake, mbona hawapasomi? Wanapenda kipigo tu.
Mutindi, hausigeli wa nyumba ya pili, naye ameambiwa abaki apike.

Jumamosi, 27 Aprili
Walipotoka wote, Mutindi akaniita kwenye ua: twende. Nikazima gesi. Najua vizuri, kwa hili naweza kurudishwa kwetu Sagalla na begi langu.
Tulisimama nyuma kabisa. Wendy akapita na mikate yangu, kucha nyekundu. Halafu Padre akasema wafanyakazi wa nyumbani waje mbele, awabariki mikono. Akaangalia huku na huku — wako wapi? Kina mama wakainamia vitabu vya nyimbo.
Wako jikoni, Padre! Nusura nipige kelele. Mutindi akanishika mkono, tukaenda. Na ndala zetu. Mikono inanuka vitunguu. Padre akaishika hivyo hivyo, hakuwa na haraka. Nililia — kwa hasira, si kwa kingine.

Sasa wageni wanakula. Niko jikoni, naandika nimesimama. Mama hajanisemesha tangu kanisani. Namsikia anamwambia Padre mimi ni kama binti yake. Binti! Padre anauliza mbona basi siko mezani. Mama anajibu nimeshakula.
Sijala kitu tangu jana!
Kiti kinavutwa. Mama ananiita: "Tryphena, mpenzi, njoo usalimie wageni." Kusalimia tu. Nimechukua sahani. Si ile yangu ya plastiki — moja ya zile za maua, za wageni. Nimepakua pilau. Ya kujaa, na nyama. Naenda nayo.
Anaita tena —