Salamu ya Mzee Maduhu

Alhamisi. Jua kali tangu asubuhi, na mawingu yote yamekaa upande wa ziwa kama hayana habari na sisi. Naandika nikiwa kwenye kigoda nyuma ya nyumba ya shangazi Mbuke, kijijini, mbele kidogo ya Kisesa. Mikono yangu bado inanuka grisi. Sina hamu ya kula wala ya kuongea na mtu.

Pampu ya kijiji imeanguka kisimani.

Kwa mnaosoma blogu hii mara ya kwanza: mimi ni fundi pampu wa kike, naishi Butimba, na hiki ndicho kijiji alichozaliwa marehemu baba yangu. Waliponiita nilikuja na sanduku langu la spana nikijua kabisa kwamba nikiharibu hapa, nimeharibu kwa ndugu. Tangu pampu izime, kina mama wamerudi kuchota ziwani. Shangazi ameshaugua kichocho na anayachukia yale maji kama nini. Lakini atafanyaje, naye ana wajukuu wa kuwapikia.

Wiki nzima nimeshinda na ile pampu kwenye baraza ya ofisi ya kijiji. Niliifungua yote. Mchanga ulikuwa umeyala mapanga yake ya kusukuma maji mpaka yamebaki membamba kama sarafu. Nikaweka mapanga mapya, beringi mpya, sili mpya ya kuzuia maji yasivuje, nikayapanga moja juu ya jingine kwenye shafti, kila mara nikiizungusha kwa mkono na kutega sikio kama kuna kinachokwaruza. Uso wa sili sikuugusa hata kwa ncha ya kidole, maana jasho tu linatosha kuuharibu. Mota nikainywesha maji safi mpaka mapovu yakaisha, kwa sababu mota ya aina hii ikizama na hewa tumboni inaungua. Jana tuliijaribu ndani ya pipa. Ikarusha maji mpaka juu ya bati la ofisi, watoto wakalowa, shangazi akapiga vigelegele. Sijisifu, lakini ilikuwa kazi safi. Haya basi, najisifu.

Leo ilikuwa imebaki kushusha tu.

Kushusha kwenyewe ni hivi. Pampu inafungwa kwenye bomba la chuma, na bomba linaning'inia kwenye winchi. Bomba moja likishaingia, mimi nalibana kwenye mdomo wa kisima kwa klampu, yaani pingu ya chuma yenye bolti mbili, halafu winchi inalegezwa ili ikachukue bomba jingine. Sasa, jirani na kisima kuna mashine ya kusaga, na ikinguruma husikii hata mtu anayekupigia kelele sikioni. Kwa hiyo nilikubaliana na Paulo na Shija, walioshika winchi, kwamba waangalie mikono yangu. Mkono wangu ukiwa kwenye bomba, washikilie. Mikono yote miwili ikitoka, maana yake klampu imekaza, walegeze.

Ilitakiwa iwepo na kamba ya usalama, ya chuma, ya kuishika pampu bomba likiponyoka. Ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu, mpya ilikuwa ije keshokutwa kutoka mjini, na mimi nikaona aibu kuwaambia watu waendelee kungoja. Hilo ni langu, silikatai.

Bomba la tano lilikuwa limeshaingia. Bolti moja ya klampu nimeikaza, ya pili ndiyo naianza, akatokea Mzee Maduhu.

Mzee Maduhu ndiye aliyetoa kipande cha shamba lake ili kisima kichimbwe. Ndiye pia aliyekuwa akimbeba baba yangu mgongoni baba akiwa mtoto, hadithi ambayo nimeisikia tangu nipate akili. Alikuja na fimbo yake, amevaa koti la kanisani kwenye jua lote lile, amejaa furaha. Alikuja kunishukuru. Akasimama mbele yangu, akanyoosha mkono.

Sikufikiri. Ndivyo nilivyolelewa. Mkono wa mzee haupokewi kwa mkono mmoja, na goti sharti likunjwe. Nikaweka spana chini, nikakunja goti, nikasema shikamoo, nikaupokea mkono wake kwa mikono yangu yote miwili.

Paulo na Shija wakalegeza.

Bomba liliteleza ndani ya klampu likitoa mlio, waya wa umeme ukafuata ukichapa huku na huku, kisha ukasikika mshindo chini kabisa, mdogo kuliko nilivyotegemea. Mkono wa mzee ulikuwa bado umo mikononi mwangu.

Mchana kutwa tumeshusha ndoano, tumeambulia kipande cha waya. Pampu imelala kiupande, na kila tukivuta ndivyo inavyozidi kujibana. Nimempigia simu fundi aliyenifundisha kazi. Akauliza kisima kina urefu gani, akasema, "Pole." Nikaelewa haitoki tena.

Hiyo pole ndiyo inayonimaliza. Wamekuja mmoja mmoja: pole fundi, pole mwanetu. Kina mama wametandika mkeka kando ya kisima wakakaa kama wako msibani, mmoja akaniletea uji. Hakuna aliyenifokea. Natamani wangenifokea, angalau ningelia. Mwenyekiti ameuliza ilikuwaje, nikasema ni mimi, sikukaza klampu. Ni kweli, sikuikaza. Hakuuliza kwa nini, na namshukuru Mungu hakuuliza. Ningesema nini? Kwamba kijiji kimekosa maji kwa sababu mzee alikuja kunisalimia? Yule mzee angeishije tena na watu hawa?

Jioni hii shangazi amechukua ndoo. Amepita mbele yangu, akaniambia kuna viazi jikoni, akashika njia ya ziwani. Nimemtazama akiteremka mpaka kitenge chake kikapotea kwenye matete. Mimi, mwenye sanduku zima la spana, sina cha kumfanyia.

Hajarudi bado, na sasa hivi Mzee Maduhu ametoka hapa. Koti la kanisani ameshalivua. Nikainuka, nikakunja goti, nikasema shikamoo mzee. Akaitikia, marahaba mama, marahaba. Nikatoa mikono yangu miwili.

Yake ameiweka nyuma, na fimbo ameishikia hukohuko. Alikuwa anaitazama mikono yangu, usoni hakunitazama.

"Wale vijana," akasema, "walikuwa wanaangalia mikono yako."

Ningeweza kukataa, ningeweza kumwambia ni klampu tu mzee wangu, lakini sikumdanganya. Akatikisa kichwa mara moja, akageuka, akaenda zake. Mikono nilikuwa bado nimeinyoosha.

Kesho asubuhi atapita hapahapa akipeleka ng'ombe malishoni. Nitamsalimiaje?