Nyumba ya Bi Ernestine Tumeinunua Sisi

Mama Corinne mpendwa, nisaidie, sina uso wa kumtazama jirani yangu.

Bi Ernestine nyumba yake inapakana na yetu hapa Michigan, ndiye aliyenilelea watoto nilipokuwa kazini, na kodi ya jengo, ile ya serikali ya kaunti, alikuwa akiilipa marehemu mumewe, basi mzee alipofariki yeye hakujua hata inalipiwa wapi, barua za kaunti akawa anazitia kwenye droo bila kuzifungua, miaka ikapita, kaunti ikaichukua nyumba na kuitia mnadani mtandaoni. Mume wangu Cleophus akaniita jikoni, "Njoo uone, ya Bi Ernestine hii, bei ya gari bovu!" Nikamwambia tuinunue tumrudishie, akakubali, hati ikatoka kwa majina yetu wote wawili. Sasa amegeuka, anataka bibi atoke kabla ya theluji tupangishe watu. Nikilalamika ananijibu, "Acha hizo, mama watoto. Tusingenunua sisi, angenunua mtu wa California asiyemjua hata jina." Nami nimenyamaza, na kusema kweli nimeshaanza kuipangia matumizi hela ya wapangaji, hilo ndilo linalonichoma zaidi, halafu Jumapili kanisani Bi Ernestine akasimama na kofia yake ya zambarau akasema, "Wapendwa, niombeeni. Simjui aliyenunua nyumba yangu, lakini Mungu amlainishe moyo," kanisa zima likaitikia Amina, na mimi nikaitikia, tena kwa sauti, naye akanishika mkono. Nifanyeje?

Jirani Mbaya

*

Jirani, pole, ila pole yangu kubwa naiweka kwa Bi Ernestine.

Usimtupie Cleophus mzigo wote. Yeye angalau anasema anachokitaka. Wewe unakitaka kimyakimya huku unalia. Leo hii mwambie hutatia sahihi karatasi yoyote ya kumtoa bibi. Akibisha, mwambie Jumapili ijayo utasimama wewe umtaje mnunuzi, uone kama hatalainika.

Kisha nenda kwa Bi Ernestine mwenyewe. Usitume mtu, usibebe keki. Sema, "Ni sisi tulioinunua." Akikutukana, pokea. Akikufungia mlango, rudi kesho.

Mkishaelewana naye, wewe na Cleophus tafuteni wakili wa msaada wa kisheria, mumrudishie hati kwa bei ileile mliyolipa, alipe kidogo kidogo kadiri anavyoweza, na yote yaandikwe na kusajiliwa, maana ahadi ya mdomo umeshaona ilivyogeuka jikoni kwako. Halafu mpeleke mwenyewe ofisi ya jiji aulizie msamaha wa kodi kwa wazee wenye kipato kidogo, la sivyo nyumba itarudi mnadani na safari hiyo huyo mtu wa California atakuwepo kweli.

Inawezekana asikusamehe kamwe. Mrudishie nyumba hivyo hivyo.

Mama Corinne