Mkia Usivutwe

Shikamoo Baba,

Ubao wako wa kupimia samaki ninao mimi. Mama ameusugua kwa mchanga na ndimu, lakini damu yako imeingia kwenye nyufa, pale penye kigingi cha kugusisha mdomo wa samaki. Hamdani alikupiga kwa ubao huohuo kwa sababu ulimwambia changu wake hawafiki alama. Kisha akatoroka. Wengine wanasema yuko Kigamboni, wengine Mafia.

Ulipoondoka hapakuwa na mpimaji hapa Kunduchi. Tangu biashara iwe ruksa kwa kila mtu, magari ya barafu yanashuka mpaka mchangani na kununua hata samaki wa kiganja. Bwana samaki wa serikali aliniuliza kama naujua ubao. Nikasema naujua. "Basi pima wewe ukitoka shule, mpaka tupate mtu."

Jana Zuberi, mdogo wake Hamdani, alileta kapu lake. Hana pwani nyingine ya kwenda. Mjomba Shomari alimrukia kabla hajalitua, akampiga mdomoni kwa kafi la ngalawa. Meno yalidondoka. Wanaume wakamzunguka, mmoja akamkanyaga shingoni.

"Damu ya shemeji yangu mtailipa nyie nyie," Mjomba alikuwa akisema.

Mwingine akacheka. "Mpimeni na yeye, tuone kama anafika."

Nilipita katikati ya miguu yao na ubao kifuani. Nikasema niacheni nipime kwanza. Wakanipisha, sijui kwa nini.

Ulinifundisha, Baba: samaki alale ubavu, mdomo ufungwe, uguse kigingi, mkia usivutwe wala usibanwe. Changu wa Zuberi aliukaribia sana ule msumari wako wa alama. Ningeubana mkia kidogo tu, angefika. Zuberi alinitazama kwa jicho moja, la pili lilikuwa limevimba. Nilijua nikisema hafiki, watammaliza. Vidole vyangu vilikuwa tayari kwenye mkia.

Nikaviondoa. "Hafiki."

Mjomba akainua kafi. Hapo nikachukua samaki wa juu katika kapu la Mjomba mwenyewe, nikamlaza palepale, kwenye damu ya Zuberi. Alikuwa mfupi zaidi.

"Na wa Mjomba hafiki."

Halafu mzee wa mnada akasema, "Shomari, shusha hilo kafi. Mtoto kapima."

Mjomba alichelewa kulishusha. Alipolishusha alikaa mchangani akalia, kama alivyolia siku tuliyokuzika. Zuberi alijikokota, akamwaga kapu lake lote mbele yangu, nimpimie waliobaki. Wengine walifika, Baba. Na watu wengine wakaanza kupanga foleni.

Bado naogopa. Usiku huu nasikia meno yale yakidondoka.

Pumzika sasa. Asubuhi nitakwenda shule, na nikitoka nitapima. Mkia sitauvuta wala sitaubana, nakuahidi, hata siku Hamdani mwenyewe akirudi na kapu lake.

Mwanao,
Mwanahamisi